Ilani ya Maziko Mepesi

Sisi tunaotia saini hapa ni watu wa pwani hii, kuanzia Kunduchi na Mbweni, kupitia Bunju, Mapinga, Zinga na Kaole, hadi Bagamoyo mjini na ng'ambo ya Ruvu kuelekea Saadani. Wamo wavuvi, walimu, mama lishe, wauguzi, mafundi wa majahazi na wastaafu. Wamo Waislamu, Wakatoliki, Walutheri na Wahindu, na wamo wasiopenda kuulizwa habari za dini. Hatukubaliani juu ya kinachomngoja mtu baada ya pumzi ya mwisho. Tunakubaliana juu ya kinachowangoja waliobaki, kwa sababu hicho tumekiona kwa macho: turubai, viti vya kukodi, sufuria za pilau, gari la maiti, mpiga video, sare za kitenge, daftari la rambirambi, na deni.

Tunatangaza kwamba mwili wa mtu unaweza kuondoka duniani upesi, kwa gharama ndogo, mbele ya watu wachache au bila mkusanyiko wowote, na mwenyewe akawa amepewa heshima yake yote. Tunatangaza kwamba fedha, siku na nguvu ambazo mji unazimalizia kwa maiti zihamie kwa mjane, kwa yatima na kwa mzee aliyefiwa na mwanawe. Na tunatangaza kwamba kila mtu mzima ana haki ya kusema mapema, angali na akili zake timamu, namna anavyotaka kuondoka: kwa sanda na mwanandani, kwa sanduku la mbao za kawaida, au kwa moto na majivu. Akishasema, asibishiwe wakati hawezi tena kujibu.

Msiba ulivyo sasa

Chukua nyumba yoyote ya kawaida ya Magomeni au Nianjema. Baba amefariki alfajiri katika hospitali moja ya Dar es Salaam. Mkewe hajamaliza kulia, kamati imeshaundwa: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, mtu wa usafiri, mtu wa chakula. Grupu la msiba limefunguliwa kwenye simu, majina yanapangwa pamoja na ahadi za michango. Mtoto mmoja yuko Mwanza, mdogo wa marehemu yuko Muscat, basi mwili usubiri mochwari, na kila siku ya kusubiri ina bei yake. Nyumbani watu wanaingia tangu asubuhi. Wanywe chai, wale mchana, wale usiku, walale. Mchele unanunuliwa kwa gunia, kuni kwa toroli, mbuzi anafuatwa hadi Makurunge. Binti wa marehemu, ambaye ndiye hasa aliyefiwa, yuko jikoni, machozi yamechanganyika na moshi, anawapakulia waliokuja kumpa pole.

Siku ya tatu tanga linaanuliwa. Turubai linashushwa, viti vinapakiwa, jamaa wanarudi makwao, na nyumba inabaki na hesabu. Tumeona mashine ya boti ikiuzwa ili kulipa mchele ulioliwa. Tumeona shamba la minazi likiwekwa rehani. Tumeona mama akikopa kwenye VICOBA kwa ajili ya arobaini huku ada ya mtoto haijalipwa. Bado kuna kaburi la kusakafia na kubandika marumaru, maana la mzee wa jirani limeshabandikwa.

Hatumsimangi mtu. Hakuna familia iliyoketi ikaamua kwa hiari yake kujifilisi. Kila moja imeogopa kusemwa. "Wamemzika kama mbwa." Maneno hayo matatu ndiyo yanayokodisha turubai na kununua jeneza la mninga, na ilani hii imeandikwa kuyaondolea nguvu.

Ndugu zetu Waislamu, ambao ndio wengi katika pwani hii, wanaweza kusema kwamba haya hayawahusu, na kwa nusu yake watakuwa wamesema kweli. Hatujui maziko mepesi kuliko yale yaliyofundishwa na Uislamu. Maiti huoshwa, hukafiniwa kwa shuka nyeupe tatu akiwa mwanamume na tano akiwa mwanamke, husaliwa, hubebwa kwa jeneza la msikiti ambalo litarudi msikitini kumsubiri mwingine, kisha hulazwa kwa ubavu wa kulia akielekea Kibla. Mwenye maduka na mvuvi asiye na nyavu zake hupita kwenye jeneza lilelile. Kuharakisha ni sunna. Kumzika ni faradhi ya kutoshelezana: wakisimama wachache wakaitimiza, mji mzima umesalimika. Kusakafia kaburi na kujenga juu yake kumekatazwa katika hadithi zinazofahamika na kila mwanachuoni. Hakuna hata moja kati ya hayo linalomlaza mfiwa na deni.

Gharama imeingia baada ya kaburi. Mwaka 629, Jaafar bin Abi Talib alipouawa katika vita vya Muta, Mtume aliwaagiza watu wawapikie chakula jamaa wa Jaafar, kwa kuwa wamefikwa na jambo la kuwashughulisha. Chakula kitoke kwa jirani kiende kwa mfiwa. Sisi tumekigeuza njia: kinatoka kwa mfiwa kinakwenda kwa jirani, siku tatu mfululizo, na siku ya arobaini kinarudiwa. Masheikh wetu wamekuwa wakilisema jambo hili kwenye darsa miaka mingi. Tunawaomba walisemee palepale msibani, kabla sufuria haijainjikwa, kwa sababu darsani hukutana na waliokwisha kukubali.

Kwa Wakristo, uzito uko kabla ya kaburi. Kuna jeneza, suti mpya au gauni, mashada yanayowekwa kwa kuitwa majina, wasifu, hotuba, foleni ya kuaga, na kwa wengi kuna safari. Nyumba nyingi zilizojengwa kati ya Tegeta na Bagamoyo ni za watu wenye asili ya Kilimanjaro, Mbeya, Kagera, Songea. Mtu ameishi Kerege miaka 30, watoto wamezaliwa hapa, wajukuu hawajui lugha ya kule, lakini akifa hukodiwa gari lake na mabasi mawili ya wasindikizaji, wanakwenda zaidi ya kilomita 1,000 na kurudi. Tunaelewa uchungu wa kutaka kulala karibu na mama yako. Anayetaka hivyo, na aseme, na aweke akiba yake. Lakini anayetaka kulala Kerege asiburuzwe.

Kuaga mwili ndiko kunakotutia huzuni zaidi. Machi 21, 2021, katika Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, watu 45 walifariki katika msongamano wa waliokwenda kuuaga mwili wa Rais John Magufuli. Walikwenda kwa mapenzi. Hakuna maiti, hata awe mkuu wa nchi, anayehitaji kuagwa kwa roho za walio hai.

Njia iliyopita hapa

Bagamoyo ina kumbukumbu ya mwili uliosafirishwa kwa taabu kuliko wowote tunaoujua. David Livingstone alifariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Wenzake wa safari, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliutoa moyo wake na viungo vya ndani wakavizika palepale chini ya mti. Mwili waliukausha kwa chumvi na jua, wakaufunga kwa vitambaa na magome, wakaubeba kwa miguu kwa miezi. Njiani iliwabidi kuufanya uonekane kama mzigo wa bidhaa, kwa sababu kulikuwa na vijiji visivyotaka maiti apitishwe. Februari 1874 waliufikisha Bagamoyo, ukalazwa katika misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu, ukavushwa Unguja, na Aprili 18, 1874 ukazikwa London katika Westminster Abbey, karibu mwaka mzima baada ya kifo. Susi na Chuma hawakuwepo siku hiyo. Katika waliombeba alikuwepo Jacob Wainwright peke yake.

Tunaiheshimu safari ile, na watalii wanapoonyeshwa mnara wa misheni tunaisimulia kwa fahari. Lakini tukiulizwa ni wapi hasa Livingstone alizikwa na waliompenda, tutajibu: Chitambo, siku ambayo Wainwright alisoma sala mbele ya kundi dogo la watu waliochoka. Kule London aliheshimiwa na taifa. Kule Chitambo alizikwa na wenzake. Na katika njia ileile ya misafara, kutoka bara hadi ufukweni kwetu, wamelala wapagazi na watumwa wasio na idadi ambao hakuna aliyewabeba wala kuwasomea chochote. Mji uliopita katika hayo yote una haki ya kusema kwamba heshima ya mtu haipimwi kwa umbali ambao maiti yake imesafirishwa.

Wala ukubwa wa kaburi hauihifadhi. Kaole na Kunduchi yako makaburi ya nguzo, yaliyojengwa kwa matumbawe na chokaa na kupambwa kwa bakuli za kaure kutoka China. Waliolala humo walikuwa watu wakubwa wa zama zao. Leo wengi wao hatujui hata majina.

Watasema tunavunja ujirani

Hili ndilo pingamizi tunalolichukulia kwa uzito kuliko mengine yote, kwa hiyo tutakaa nalo kidogo.

Pwani mtu huhesabiwa mtu kwa kuzika wenzake. Asiyefika misibani ataambiwa ipo siku, na ataogopa, kwa kuwa hakuna aibu inayoshinda kuzikwa na halmashauri. Ndiyo maana kila mtaa una chama chake cha kufa na kuzikana, na vyama hivyo vimewasitiri watu wengi ambao benki haikuwajua wala bima haikuwataka. Hatuji kuvivunja. Wengi wetu ni wanachama, baadhi yetu ni waweka hazina. Tunachotaka ni daftari la chama libadilishwe mpangilio. Leo karibu fedha yote hutoka ndani ya siku tatu za mwanzo na kuishia kwenye chakula na usafiri. Tunataka fungu dogo litoke siku ya kwanza kwa sanda, mbao au usafiri wa lazima, na fungu kubwa litoke polepole: mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, hadi eda ya mjane iishe na zaidi. Miezi minne na siku kumi ni muda mrefu kwa nyumba isiyo na mleta riziki, na ndio muda ambao barabara inayofika nyumbani hapo huota majani.

Na watu wenyewe wagawanywe hivyohivyo. Jirani ambaye angekuja kukesha siku ya kwanza pamoja na wenzake 200, aje peke yake wiki ya tano na kapu la samaki. Mjomba ambaye angepanda basi kutoka Tanga kuja kula pilau, abaki Tanga, nauli aitume, kisha aje likizo amchukue mtoto mmoja akae naye. Msiba wa namna hiyo una ujirani mwingi kuliko huu tulionao, na hauhitaji spika.

Tulishawahi kuona maziko ya watu wachache yakifanyika kwa lazima. Mwaka 2020, wakati wa korona, familia nyingi nchini zilizika chini ya masharti ya afya, haraka, ndugu wachache wakiwa kando. Wengine hadi leo hawajapona moyoni, na wakisikia maziko mepesi wanakumbuka siku ile. Tunawaomba watuelewe. Kilichowaumiza ni kwamba hawakuulizwa, marehemu hakuulizwa, na baada ya pale hakuna aliyerudi kugonga mlango. Sisi tunataka mtu aulizwe akiwa hai, na mlango ugongwe mara nyingi.

Walioko mbali wana msiba wao. Tunao watoto Muscat, London na Minnesota, na mmoja wao akifa, jumuiya nzima huchangishana kuurudisha mwili kwa ndege, fedha ambayo ingesomesha wanawe. Tuwape ruhusa ya kulala walipo. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, alifariki Jena, Ujerumani, mwaka 1924 akazikwa Hamburg, pamoja na mchanga wa pwani ya Zanzibar aliokuwa ameutunza. Mchanga mdogo kama huo unatosha kubebwa na mtu anayesafiri kwa shughuli zake.

Kuhusu moto

Baadhi yetu tumeandika kwamba tuchomwe, tena bila mkusanyiko: mwili utoke hospitali uende moja kwa moja kwenye tanuri, pasiwe na foleni ya kuaga wala hotuba, jamaa wapokee majivu na waomboleze kwa wakati wao na kwa namna yao. Tunajua neno hilo linavyoshtua. Kwa wengi wa hapa kuchomwa ni adhabu. Ni mwizi aliyevishwa tairi na watu wenye hasira, ni jehanamu inayohubiriwa kila wiki. Hatuwezi kuifuta picha hiyo kwa maneno, lakini tunaweza kueleza mambo yalivyo.

Muislamu hachomwi. Hilo halina mjadala, na hakuna mtu wa harakati hii atakayemshawishi Muislamu aiache dini yake kaburini. Lakini moto si mgeni hapa. Wabaniani wa Kutch waliofanya biashara katika pwani hii walikuwa Wahindu, ikiwemo nyumba ya Jairam Sewji iliyokodi ukusanyaji wa ushuru wa forodha katika himaya ya Sultani wa Zanzibar. Wahindu wa Dar es Salaam wanachoma maiti zao hadi leo, bila kelele, aghalabu siku ileile au kesho yake. Tumeishi jirani na maziko ya moto kwa vizazi, na hatukuwahi kusema kwamba jirani zetu hawapendi wazazi wao.

Kanisa Katoliki liliondoa katazo la kuchoma maiti mwaka 1963. Mwaka 2016 Vatican ilifafanua kwamba kuzika bado ndiko kunakopendelewa, na kwamba majivu yahifadhiwe mahali patakatifu, yasitawanywe wala kugawanywa. Wakatoliki wengi wa Bagamoyo, mji ambao misheni yake ilianza mwaka 1868, hawajawahi kuambiwa hayo. Tunawaomba mapadri wetu wawaambie, pamoja na masharti yake yote, ili kila mmoja achague akiwa anajua.

Kenya wametutangulia. Manasses Kuria, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana nchini humo, alichomwa mwaka 2005, kama mkewe Mary aliyemtangulia mwaka 2002, na watu walibishana sana. Wangari Maathai, aliyetumia maisha yake kupanda miti, hakutaka kuzikwa katika jeneza la mbao. Alipofariki Septemba 2011 jeneza lake lilisukwa kwa magugu maji, mafunjo na mianzi, mwili ukachomwa Kariokor, Nairobi, Oktoba 8, na majivu yakawekwa katika taasisi yenye jina lake huko Kabete. Taifa lilimuaga kwa heshima kubwa, lakini ardhi aliyoichukua ni ndogo, na mti haukukatwa. Mbunge wa Kibra, Ken Okoth, alichomwa Agosti 2019 mbele ya watu wachache, huku wapo waliotaka azikwe kwa desturi za ukoo. Hawa hawakuwa watu waliokosa wa kuwazika. Walikuwa na umati uliowasubiri.

Hatusemi moto ni dawa ya kila kitu. Moto wa kuni hula mamia ya kilo za kuni kwa maiti mmoja, na misitu ya pwani, kutoka Pande hadi Zaraninge, imeshaliwa vya kutosha na mkaa. Tanuri la gesi lina nafuu kwa mti, lakini nalo lina gharama na moshi wake. Mwenye nafasi ya kuzikwa katika kiwanja cha mtaa wake, kwa sanda au mbao nyepesi, huenda hajapungukiwa chochote. Moto unawafaa wale ambao dini na dhamiri zao zinawaruhusu, wasio na ardhi ya kulala, wasiotaka kusafirishwa, au ambao kwa sababu zao wenyewe wanautaka. Katika Japani zaidi ya asilimia 99 ya wafu huchomwa, na Uingereza wengi wamechagua katika miaka ya karibuni kuchomwa bila ibada wala wasindikizaji. Sisi hatuhitaji kuwa Wajapani wala Waingereza. Tunahitaji tu kwamba mtu mmoja wa Dunda akilitaka jambo hili asionekane amerogwa.

Matanuri na viwanja vya kuchomea vilivyopo vilijengwa na jamii za wenyewe kwa michango yao. Tutakwenda kwao kuomba kama anavyoomba mgeni, na tutakubali masharti yao.

Neno la mtu juu ya mwili wake

Mwanasheria S. M. Otieno alifariki Nairobi Desemba 20, 1986. Mjane wake, Wambui, alieleza kwamba mumewe alitaka kuzikwa karibu na Nairobi, walikoishi. Ukoo wa Umira Kager ulitaka azikwe Nyalgunga, Siaya. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Rufani, ukoo ukashinda, na Otieno akazikwa Nyalgunga Mei 23, 1987, siku 154 baada ya kufa. Mtu aliyeishi kwa sheria alikuwa amesema kwa mdomo tu.

Siaya hiyohiyo, miaka 38 baadaye, mwanasiasa Raila Odinga aliacha agizo kwamba azikwe upesi, ikiwezekana ndani ya saa 72. Alifariki India Oktoba 15, 2025, na Oktoba 19 alikuwa ameshazikwa Bondo, pamoja na umati wote uliotaka kumwona. Kuna waliodhani kwamba kiongozi wa ukubwa ule, tena Mluo, angekaa mochwari wiki mbili. Familia iliheshimu neno lake kwa sababu neno lilijulikana.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya harakati hii ni karatasi. Kila mwanachama ataandika ukurasa mmoja: azikwe au achomwe, wapi, ndani ya muda gani, nani awepo, nani aongoze sala, nini kisifanyike, na kiasi cha juu kabisa cha fedha kinachoweza kutumika. Ataisoma kwa sauti mbele ya mashahidi wawili, mmoja wa ukoo na mmoja asiye wa ukoo. Nakala moja itakaa kwake, moja kwa kiongozi wake wa dini kama anaye, moja kwa chama chake cha kuzikana. Mwenye wosia wa mali, na tunasihi kila mwenye hata kiwanja kimoja awe nao, auhifadhi kwa wakala wa serikali, RITA, na ukurasa huu auambatishe. Mahakama inaweza isiufuate. Lakini mzee wa ukoo ambaye amekwisha kuusikia ukisomwa na mwenyewe, akiwa mzima na amekaa kwenye kiti, atapata taabu kuukana.

Wanaotia saini tunaahidi haya. Hatutakula msibani, na tukifika tutafika na chakula. Hatutavaa sare za msiba. Hatutachangia jeneza la fahari, hata la rafiki, lakini tutachangia ada ya mwanawe. Mwanachama akifariki hatutangoja anayetoka mbali zaidi ya siku moja, ila kama yeye mwenyewe aliandika tumsubiri. Hatutamsema aliyezika kwa fahari, maana hatujui alivyobanwa. Na atakapotokea mtu wa kusema kwamba fulani amezikwa kama mbwa, tutasimama palepale, kwa jina letu, tueleze kwamba hivyo ndivyo alivyotaka.

Kwa Halmashauri ya Wilaya ya Bagamoyo tuna maombi mawili. Ardhi kutoka Bunju hadi Kiromo inapimwa, inauzwa na kuzungushiwa ukuta kwa kasi, na tayari kuna makaburi yaliyobaki ndani ya viwanja vya watu. Tunajua yaliyoikuta Kinondoni, ambako makaburi yamejaa watu wakabanana. Vitengwe viwanja vya maziko kwa dini zote kabla ardhi haijaisha, na kati yake pawe na sehemu ndogo ya kuhifadhia majivu. La pili, utaratibu wa kibali cha mazishi na wa kusajili kifo uandikwe kwa Kiswahili chepesi na ubandikwe kila ofisi ya mtaa na kijiji, ili aliyefiwa usiku asimtegemee dalali asubuhi. Kwa hospitali zote, za umma na za watu binafsi, tunaomba maiti asishikiliwe kwa sababu ya deni. Deni lidaiwe kwa njia za madeni.

Mwenye turubai, mwenye gari, fundi majeneza, mpiga picha: hatuna ugomvi nanyi, mnatafuta riziki kama sisi. Harusi bado zipo. Fundi anayeweza kutengeneza sanduku jepesi la mbao za mnazi, kwa bei ambayo mvuvi anaimudu, aje tuzungumze, kwa kuwa tutamhitaji.

Kuanzia mwezi ujao tutakutana kila Jumamosi ya kwanza baada ya Alasiri, kwa zamu za mitaa, tukianzia Dunda. Kila kikao kitafanya kazi mbili tu: kusikiliza karatasi mpya zikisomwa, na kupanga nani atakwenda nyumba gani ya wafiwa wa miezi iliyopita, na atakwenda na nini. Hakuna kiingilio. Anayetaka kutia saini aje na mtu mmoja wa ukoo wake, mwenye sauti nyumbani kwao, kwa sababu huyo ndiye atakayeulizwa siku ikifika.